Tanga Halijaanuliwa

Lukwele Juu,
Milima ya Uluguru,
Morogoro.
Juni 8, 2025.

Mke mwenzangu mpendwa Faraja,

Marahaba. Nimeitikia kabisa kabla hujaniamkia, maana nikikaa mlangoni kuisubiri hiyo shikamoo yako nitaota mizizi. Miaka saba, Faraja! Miaka saba hujakanyaga hapa kwangu. Mbuzi niliyekuwa namfuga ili uje umle nimemchinja nikamla mwenyewe. Mwanawe naye nimemchinja nikamla. Sasa yupo mjukuu wa yule mbuzi, naye anaanza kuzeeka. Wewe ni mtu wa namna gani?

Haya, nimeshasema, nimepumua. Hujambo? Mshono wako wa uzazi umefunga vizuri? Usinyanyue ndoo kubwa hata wakikuambia umepona, hao wanaosema hivyo tumbo si lao. Mume wako Eustace hajambo? Shukuru anakwenda shule au anakwenda kucheza? Na huyo mdogo wenu, Tomasi, ananyonya? Nasikia huko Sumbawanga baridi inauma kuliko ya hapa kwetu mlimani. Mfunike mtoto kichwa. Usiniletee mambo ya mitindo kwenye kichwa cha mtoto wa miezi mitatu.

Mimi nipo. Goti la kushoto linauma asubuhi, la kulia linauma jioni, yanapokezana zamu kama walinzi. Maharage mwaka huu yamekubali, magimbi yameoza kwa mvua. Nakula, nakohoa kidogo, nagombana na kuku. Ukiulizwa bibi yako yukoje, sema yupo.

Anayeniandikia ni Janeth wa zahanati, mliyesoma naye mkawa mnaibiana daftari. Nimemwambia aandike kama ninavyotamka, asinipambe. Simu nimeikataa. Kwenye simu ningesema neno moja ungelia, nami ningesema nyamaza, nyamaza, halafu mtandao ungekatika na jambo lingebaki nusu. Mama yako yuko hapa tangu juzi. Akirudi kwake Mikese ataondoka na barua hii, ataipakia kwenye basi la kwenu.

Nina jambo la kukuambia na jambo la kukuomba, na yote mawili ni moja. Bado nimevaa kaniki. Arobaini ya babu yako imepita, watu wamerudi makwao, mimi bado niko mkekani kama vile kafa jana. Tanga halijaanuliwa. Haliwezi kuanuliwa mpaka mtani wetu Stambuli aje amalizie kufagia majivu, na Stambuli haji mpaka wewe uje. Hilo ndilo ombi. Sasa nikueleze lilivyoanza, na unisikilize mpaka mwisho, usirukie mbele kama unavyoruka hadithi.

Babu yako alikufa vizuri. Hilo uliambiwa kwa simu lakini hukuambiwa vizuri. Ilikuwa Jumanne, msimu wa ndege umefika katikati. Umekaa sana huko mbali, labda umeshasahau, kwa hiyo nakukumbusha. Kile kipande cha msitu wa ukoo wetu, juu ya migomba, mashamba yamekizunguka pande zote. Asia, yule mtaalamu wa ndege anayetoka mjini, ndiye aliyekiita Kisiwani, nasi tukafuata. Anasema ndege akipita juu anaona maharage na migomba tu, halafu pale katikati miti ya kweli, basi anashuka. Mwezi wa tatu wale ndege wageni wanaporudi kwao, huko baridi inakoisha, wanashuka Kisiwani kula na kupumzika, kama mabasi yanavyosimama Mikese abiria wanunue mahindi. Na babu yako anawasubiri pale na nyavu zake, anawanasa, anawavisha pete mguuni, anawapima, anawaandika, anawaachia waende. Misimu kumi na tisa. Hakuruka hata mmoja, hata ule aliovunjika mkono.

Jumanne ile mvua ilinyesha mapema. Akazikunja nyavu, akazifunga kwa kamba kwenye mianzi yake, akarudi nyumbani amelowa. Nikampa chai. Akasema, "Yuliana, leo wamefungasha kwelikweli." Unajua alivyokuwa anasema. Anampuliza ndege manyoya ya kifuani, akiona mafuta ya njano chini ya ngozi anasema huyu amefungasha, ana chakula cha safari. Akanywa chai nusu. Akaegemea ukuta. Nikamwambia usilale na nguo mbichi. Hakujibu, nami nikakasirika, nikamsema dakika nzima kabla sijajua namsema nani. Ndivyo tulivyoachana, mke mwenzangu. Nikiwa namgombeza kuhusu nguo.

Mimi na wewe tumefiwa na mume mmoja. Lakini wewe ulikuwa na mtoto wa wiki mbili na tumbo lenye nyuzi, hukuja kuzika, na hilo nimelisamehe tangu siku ile. Ambayo sijaisamehe ni ile miaka saba. Nayo najua sababu yake, usidhani mimi mjinga kwa kuwa sikusoma.

Ile safari yako ya mwisho, nilikuwa nachambua maharage barazani wewe na babu yako mlipokuwa mnaongea. Alikuambia, mke wangu mdogo, nikichoka, daftari hili ushike wewe. Nawe ukacheka, ukasema, "Babu, hii ni kazi ya watu wasio na kazi." Yeye akacheka pia. Ukaondoka kesho yake. Naona ulifika njiani ukaisikia sauti yako mwenyewe, ukaona aibu, na aibu ikakuweka huko mpaka leo. Sasa nikuambie: kauli ile hakuibeba moyoni. Watu wakimuuliza kanisani, anasema mjukuu wangu ana kazi nyingi sana, ofisi nzima inamtegemea. Alikuwa anajivuna na uongo wake mwenyewe.

Na kila mwaka alipomwona ndege wako alikupigia simu mara moja. Hiyo ndiyo ilikuwa kamba yenu, ndege wako. Mwezi wa nne ule uliokuja, ulimvisha pete kwa mkono wako, koleo linakuponyoka, babu yako anakuambia polepole, huo ni mguu wa mtu. Kidege cha rangi ya majani makavu, mkia wa kutu, kinachoimba kwenye vichaka kama kimekasirishwa. Mwaka uliofuata akarudi. Na uliofuata tena. Halafu miaka miwili hakuonekana, babu yako akakosa raha. Halafu akaonekana. Mwaka jana akaonekana. Kila mara alikupigia, "Ndege wako amepita," mnaongea dakika mbili, anakata, anatembea kijijini siku nzima amenyoosha shingo. Kidege kizito kama yai dogo la kuku kimerudi mara nne, Faraja. Wewe una miguu, una nauli, una akili. Janeth ananiangalia vibaya. Andika, Janeth.

Mwaka huu alikuwa anamsubiri. Simu yake aliipeleka zahanati kila Jumapili kwa Janeth iwekwe chaji, iwe tayari. Mpaka Jumanne ile ndege wako alikuwa hajapita.

Sasa nifike kwa Stambuli. Nakukumbusha na huyu, maana ulimwona mara ya mwisho ukiwa umevaa viatu vya shule. Ni mtani wa ukoo wetu, wangu na wako, maana ukoo wako umeutoa kwa mama yako na yeye ameutoa kwangu. Miaka hamsini ananiita chura wa kisimani. Miaka hamsini namwita mwizi wa kuku. Hatujawahi kupishana njiani tukapeana salamu ya watu wenye adabu. Mama yangu alipokufa, alijilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Tulimtukana mpaka tukasahau kulia. Na babu yako walikuwa kama kidole na kucha.

Jumatano, siku ya mazishi, alikuja mapema, akavaa koti la mvua la babu yako Stefano, lile lenye kiraka mgongoni. Akafunga chupa mbili za maji kwa kamba akazitia machoni ziwe darubini. Akatundika chandarua cha mbu uani, akatangaza kwamba huu ni wavu wa marehemu, hapiti mtu bila kuandikwa. Katekista akanasa. Stambuli akampima pua kwa rula. "Sentimita saba! Huyu hayumo kwenye kitabu. Andikeni, ndege mpya, chakula chake sadaka." Akaja shemeji yetu wa Kingolwira, yule mwenye kitambi, akamfungua vifungo, akampuliza kifua mbele ya watu. "Jamani, huyu amefungasha! Huyu anafika Ulaya hajagusa hata maji!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mimi nilikuwa ndani mkekani, mjane hatakiwi kutoka, nikacheka nimeuma ncha ya kaniki. Bila kicheko kile ningekauka pale pale.

Halafu akaenda kuchimba kaburi, maana watani ndio wachimbao. Hapo katikati ya kuchimba akapata wazo. Akawaambia wenzake haiwezekani Stefano aende bila ndege wa kumsindikiza. Nitamletea mmoja, tutamwachia hapa kaburini akiwekwa. Wakacheka, wakasema nenda, mzee wa wazimu. Akapanda Kisiwani, akafungua kamba za wavu mmoja, akauinua kwenye mianzi yake. Faraja, lilikuwa wazo zuri. Mimi mwenyewe ningelipenda. Nimelifikiria siku hizi zote na bado nasema lilikuwa zuri.

Kisha mvua. Ile mvua ya siku ile ilikuwa ya ndoo. Maji yakajaa kaburini, wakamwita ashuke haraka wakayateke. Padri naye akafika kabla ya saa yake kwa kuogopa barabara. Jeneza likatoka. Na Stambuli, aliyekuwa akichekesha watu tangu asubuhi, alipoona jeneza linashuka akaangua kilio. Wakamshika mabegani. Hakukumbuka ndege, hakukumbuka wavu, hakukumbuka hata kuvua lile koti. Na sisi wengine hakuna aliyejua ila wale wachimbaji wawili, nao walidhani ameshaufunga.

Unaijua sheria ya babu yako. Wavu ukiwa wazi, mtu hapaswi kuwa mbali. Kila nusu saa unazungukiwa. Mvua ikianza unafungwa hata kama umebaki na ndege mmoja tu wa kuandika. Alikuwa mpole kwa kila kitu, lakini hilo aliwahi kumfukuzia kazi mtoto wa dada yake.

Ule wavu ulikaa wazi Jumatano yote iliyobaki, na Alhamisi.

Ijumaa asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya kuanua. Stambuli akaja na ufagio kama desturi, afagie majivu ya moto wa msiba, ayatupe, mimi ninyolewe, nivue kaniki, maisha yaendelee. Nikatoka nikakaa kigodani pembeni. Alikuwa ameanza vizuri, ananitukana kidogokidogo, anasema chura sasa hana wa kumletea nzi. Amefagia nusu ya jivu. Halafu ufagio ukasimama, ukamponyoka. Akanitazama, uso umebadilika rangi, akasema, "Yuliana. Wavu."

Hakuniita chura. Hapo nikajua.

Tukapanda. Mimi na magoti yangu haya, na kaniki, mjane ambaye hata hajanyolewa, nilimpita njiani. Wavu ulikuwa umelala katikati kwa uzito wa maji. Ndani yake ndege kumi na wanne. Nimewahesabu mara tatu. Kumi na mmoja walikuwa wameshakufa, wamelowa wamekuwa wembamba kama vitambaa vya kuoshea vyombo. Watatu walikuwa wanapumua.

Nikaanza kuwatoa kama mume wetu alivyonifundisha. Unatafuta upande alioingilia, unaanza na miguu, halafu mwili, halafu bawa moja, bawa la pili, kichwa mwisho. Wazima kwanza. Niliwaweka kifuani ndani ya kaniki wapate joto. Stambuli akaja upande wa pili wa wavu, akanyoosha mkono amtoe mmoja kwa kuanzia bawa. Nikamwambia, "Bwana Stambuli, tafadhali usiguse."

Hilo ndilo kosa langu, na ndilo ninaloliandika hapa ulijue. Ningemwita mpumbavu. Ningemwita muuaji, nyani, mwizi wa kuku, ningemrushia tope. Mtani hakasirikiwi, anatukanwa. Mimi nikamwita Bwana. Nikamwambia tafadhali. Miaka hamsini sijawahi kumheshimu mtu yule, nikamheshimu siku ile. Aliurudisha mkono wake polepole, akarudi nyuma, akakaa chini kwenye majani mabichi na koti la Stefano.

Yule wa nane kumtoa alikuwa na mkia wa kutu. Alikuwa na pete. Herufi sizijui, lakini namba nazijua, maana misimu yote ile babu yako alikuwa na macho mabovu kuliko yangu, mimi namsomea pete na yeye anaandika. Nikamgeuza mguu. Nne. Moja. Saba.

Ndiyo, mke mwenzangu. Ni yeye. Alipita. Alikuja siku zilezile za kumzika mtu aliyekuwa akimsubiri, na aliyempokea ni wavu peke yake.

Sikulia pale. Nilisema tu kwa sauti, "Nne moja saba," kama nilivyozoea kumsomea babu yako, na Stambuli akasikia. Alikuwa anaijua namba hiyo. Kijiji kizima kilikuwa kinaijua, kwa majivuno ya babu yako.

Wale wazima, wawili waliruka kabla ya saa sita mchana. Wa tatu alifia kifuani kwangu, nilihisi alipoacha. Ndege wako nilimpima, kwa kuwa babu yako hakuandika ndege bila kumpima. Nikampuliza kifua. Alikuwa amefungasha, Faraja. Njano tele chini ya ngozi. Alikuwa tayari kuondoka, labda kesho yake tu. Nilimzika Kisiwani chini ya mti uliokuwa karibu, pamoja na wenzake. Kwenye kaburi la babu yako sikumpeleka. Watu walinishauri hivyo, nikakataa. Babu yako alishika ndege ili awaachie, hakuna aliyewahi kulala naye.

Stambuli aliniomba jambo moja tulipokuwa tunashuka. Alisema, "Yasiandikwe." Nikamwambia yataandikwa. Nikampelekea Janeth daftari, akaandika mistari kumi na miwili, kila ndege na uzito wake na neno "amekufa wavuni", na sababu yake, wavu uliachwa wazi siku ya mazishi. Jina la mtu sikuweka. Misimu kumi na tisa daftari lile halijasema uongo, halitaanza na mimi nisiyejua kusoma. Asia alipokuja nikampa alisome. Alisoma akiwa amesimama, halafu akaomba kiti. Hakunilaumu. Alisema nyavu zitakaa zimefungwa mpaka apatikane mtu wa kuzisimamia. Usianze kuogopa, hilo silo ninalokuombea uje. Una kazi yako.

Ninalokuitia ni lile jivu. Nusu limefagiwa, nusu lipo. Siku ile hatukurudi kumalizia. Stambuli aliufikisha wavu nyumbani, akaukunja, akaweka koti la babu yako juu ya kigoda, akaenda kwake. Ufagio ukabaki uani ulipoanguka. Nilidhani atakuja kesho yake. Ikapita wiki. Jumapili nikakutana naye njia ya kanisani, nikajiandaa kwa matusi. Alivua kofia. Alisema, "Habari za asubuhi, mama. Umeamkaje?" Nilihisi kama nimepigwa kofi. Watu wanasema mzee Stambuli siku hizi amekuwa mtu mpole, mstaarabu. Wajinga. Mtu anakufa akiwa amesimama, wao wanamsifia adabu.

Ilipofika arobaini alituma ujumbe kwamba anaumwa. Nikamfuata. Mjane na kaniki yake, nikateremka mpaka kwake, na watu wakisema wapendavyo. Nilimkuta ndani, kwenye giza la mchana, amekonda, ugali wa jana uko kwenye sahani umekauka. Nikapiga kelele mlangoni, "Mwizi wa kuku! Toka nje, chura amekuja kukumeza!" Nikasubiri.

"Karibu, mama," akasema.

Nikamtukana tena. Nilitukana mpaka nikaishiwa. Akanisikiliza ameinamisha kichwa, kila tusi analipokea kama hukumu. Utani wangu haumwingii tena, Faraja. Niliuvunja mwenyewe pale kwenye wavu, kwa neno la heshima. Mwisho nikaacha, nikakaa chini, nikamwomba kama watu wanavyoombana. Njoo ufagie, Stambuli, nimechoka na nguo hii. Akasema, "Ndege alikuwa wa mtoto. Mtoto hajaniambia kitu."

Mtoto ni wewe.

Wamejitokeza watani wengine. Wamesema watakuja kufagia, shughuli iishe, kwani jivu ni jivu. Nimewakatalia. Wakifagia wao, mimi nitavua kaniki na Stambuli atabaki nalo milele, na hatamaliza mwaka. Nimemzika mmoja masika haya, sitaki kumzika wa pili kwa kosa la wavu mmoja.

Nilikaa siku nyingi nikiogopa kukuandikia, mimi niogopaye nini tena katika umri huu? Niliogopa hivi. Babu yako hayupo. Ndege hayupo. Nilifikiri, nikimwambia kwamba kamba yote imekatika, atakuwa na nini cha kumleta hapa? Bibi mwenye kelele na mbuzi mzee? Ndiyo maana niliacha miezi miwili ipite huku ukidhani labda ndege hakupita tu mwaka huu. Hayo nayo yalikuwa uongo, wa kunyamaza. Sasa umeisha. Lia kwanza, kisha uoge, kisha umnyonyeshe mtoto, halafu uanze kutafuta basi.

Mama yako anakusalimu, ila yeye hajui kusema, ataguna tu. Katekista anakusalimu na pua yake. Asia anakusalimu, kaacha namba ya simu yake kwa Janeth. Janeth mwenyewe anakusalimu, amelia mara mbili akiandika, karatasi imechafuka si kosa langu. Nisalimie Eustace, mwambie namdai kuniletea vitukuu niwaone kabla macho hayajafunga. Mbusu Shukuru. Tomasi mdogo mshike utosini umwambie bibi yake mkubwa anamwombea. Mungu awatandikie njia ninyi nyote, awaondolee mawe na mashimo, awafikishe mkiwa wazima kama mlivyoondoka.

Na ukija, sikiliza vizuri, usipande moja kwa moja kwangu. Ukifika kanisani shika njia ya kushoto, nyumba ya pili, kwa Stambuli. Mtoto mfunge mgongoni. Mlango utaukuta umerudishwa, usibishe. Usipige goti, usimwite babu, usimpe pole. Na usithubutu kumwambia kwamba umemsamehe, hilo litammaliza. Simama katikati ya uwanja wake, paza sauti majirani wote wasikie, umtukane. Mwambie ameua ndege wako, mzee mpumbavu, masikio kama majani ya magimbi, umetoka Sumbawanga na kitoto mgongoni kuja kudai. Mtukane kwa yote uliyonayo, na ukilia, lia hapohapo katikati ya matusi. Atanyamaza. Endelea. Atasema karibu, mwanangu. Usikaribie, endelea. Usiondoke uwanjani pale mpaka naye akutukane.

Mimi mke mwenzako, ninayekupenda kwa kelele,

Bibi yako Yuliana